Dupont Circle: Mtaa Uliojengwa na Milango Iliyofungwa



Kila ikifika Juni, sisi Waswahili wa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia huwa na maongezi yale yale. Iwe kwenye ubatizo, kwenye nyama choma ya Jumamosi au hata msibani, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Hivi hawa jamaa kwa nini wana mtaa wao kabisa mjini?" Mwingine atadakia kwamba yeye watoto wake hawapitishi Dupont Circle hata kwa gari. Watu watacheka, wataguna, halafu maongezi yatahamia kwenye Simba na Yanga.

Swali lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba hatukai tukalijibu. Kuuliza si ujinga, ila kuuliza kila mwaka bila kutaka jibu kunaanza kufanana nao.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea shahada yangu hapa hapa Maryland na nafanya zamu za usiku kwenye wodi ya magonjwa ya ndani. Sikuja hapa kumfundisha mtu dini yake, na anayeamini kwamba jambo hili ni dhambi ataendelea kuamini hivyo akimaliza kunisoma. Hoja yangu ni nyingine kabisa. Mtaa ule haukujengwa na starehe. Ulijengwa na milango iliyofungwa: mlango wa kazi, mlango wa nyumba, mlango wa hospitali. Na waliokusanyika pale, walipopata nguvu, walisukuma milango mingine ambayo na sisi Waafrika Mashariki tumeipita, wengi wetu bila kujua nani aliyeisukuma.

Nianze na jiografia, maana mtaa huo tunaujua kuliko tunavyokiri. Kwa miaka mingi Ubalozi wa Tanzania ulikuwa 2139 R Street, kabla ya kuhamia 22nd Street, na wa Kenya ulikuwa jirani yake, 2249 R Street. Aliyetoka Silver Spring au Rockville kwenda kushughulikia pasipoti alipanda treni ya Red Line, akashuka Dupont Circle, akatokea mlango wa Q Street, akapanda Connecticut Avenue hadi R Street. Katikati ya Q na R, nambari 1625, palikuwa na duka la vitabu la Lambda Rising, duka mashuhuri la vitabu vya mashoga na wasagaji. Kwa maneno mengine, wazee wetu walipita hapo na bahasha zao za pasipoti miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyefika ubalozini akiwa amegeuka mtu mwingine.

Sasa turudi nyuma. Washington ni mji wa serikali. Ukifukuzwa serikalini hapa, ni kama umefukuzwa mji mzima. Mwaka 1950, wakati Wamarekani wamejawa na hofu ya ukomunisti, Wizara yao ya Mambo ya Nje ilikiri mbele ya Seneti kwamba imewaondoa kazini watu 91 kwa tuhuma za ushoga. Aprili 1953 Rais Eisenhower akasaini Amri namba 10450, ambayo ndani yake "upotofu wa kijinsia" ulihesabiwa kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi ya serikali kuu. Maelfu walipoteza kazi. Majina yalikusanywa, watu wakaitwa kuhojiwa, wakatakiwa wawataje wenzao. Sisi tunaotoka kwenye nchi ambazo mtu aliweza kufukuzwa kazi kwa fununu tu tunaijua hali hiyo vizuri.

Mmoja wao alikuwa Frank Kameny, mnajimu mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard na askari wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1957 alifukuzwa kwenye kitengo cha ramani cha Jeshi. Wengine walinyamaza, yeye akaenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1961 ilikataa hata kumsikiliza. Mwaka huo huo akashiriki kuanzisha chama cha Mattachine cha Washington. Tarehe 17 Aprili 1965 watu kumi tu, wanaume wamevaa suti na tai, wanawake wamevaa magauni, walizunguka na mabango mbele ya Ikulu ya Marekani. Ndiyo, watu KUMI. Tume ya Utumishi wa Umma iliondoa marufuku ile mwaka 1975. Mwaka 2009 serikali ilimwomba Kameny radhi rasmi, na mwaka uliofuata kipande cha 17th Street pale Dupont kikapewa jina lake. Alifariki Oktoba 2011 akiwa na miaka 86. Kutoka kufukuzwa hadi kuombwa radhi ilipita miaka zaidi ya hamsini.

Na kwa nini Dupont Circle, si kwingine? Jibu ni kodi ya nyumba. Majumba ya kifahari ya matajiri wa mwisho wa karne ya 19 yalikuwa yamekatwakatwa na kuwa vyumba vya kupangisha. Baada ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968, na ghasia zilizochoma maduka ya 14th Street na 7th Street, Wazungu wenye familia walizidi kukimbilia vitongojini na kodi zikashuka. Wakaingia wanafunzi, wasanii, wapinzani wa vita ya Vietnam, na watu wa mapenzi ya jinsia moja waliohitaji vitu viwili tu: kodi nafuu na mwenye nyumba asiyeuliza maswali. Hebu niambieni, sisi wenyewe tulipofika na begi moja na namba ya simu ya binamu, tulitafuta nini kule Langley Park?

Wahabeshi walifanya hivyo hivyo 18th Street kule Adams Morgan, baadaye 9th Street karibu na U Street. Wasalvador walifanya hivyo Mount Pleasant. Mgeni hutafuta mgeni mwenzake, aliyefukuzwa hutafuta aliyefukuzwa. Hakuna siri kubwa hapo.

Mwaka 1969 likaanza gazeti la karatasi moja, ambalo leo ni Washington Blade. Mwaka 1973 Jiji likapiga marufuku ubaguzi wa kazi na makazi dhidi ya watu hawa, likiwa kati ya miji ya mwanzo Marekani kufanya hivyo. Mwaka 1974 Deacon Maccubbin akafungua Lambda Rising pale 20th Street, na Juni 1975 akaandaa sherehe ya mtaani mbele ya duka lake. Sherehe hiyo ndiyo mzazi wa maandamano ya kila Juni tunayoyaona kwenye televisheni. Mwaka 1977 kituo cha treni cha Dupont Circle kikafunguliwa na wateja wa vitongojini wakaanza kufika kwa nauli ndogo. Pale 17th Street palikuwa na mgahawa wa Annie's, ambao familia ya Kigiriki iliuanzisha mwaka 1948 na ambao haukuwafukuza wateja waliokuwa wanafukuzwa kwingine. Tangu 1986, kila Jumanne ya kabla ya Halloween, wanaume hukimbia mbio za viatu vya visigino virefu katika barabara hiyo, na leo utaona familia na watoto wamejipanga pembeni wakishangilia. Nimewahi kwenda kutazama. Kwa aliyekulia kwenye ngoma za vichekesho za harusini kwetu, kicheko kile si kigeni.

Lakini nisije nikawauzia hadithi ya pepo. Mtaa uliojengwa na waliofukuzwa nao ulijua kufukuza. Mwaka 1971 ilifunguliwa klabu kubwa ya Lost and Found upande wa Kusini-Mashariki, na mara ikaandamwa na waandamanaji kwa kuwabagua watu weusi na wanawake. Mbinu ilikuwa moja: Mzungu anapita mlangoni anachekewa, mtu mweusi anaambiwa atoe kitambulisho, akikitoa anaambiwa atoe cha pili, akitoa cha pili kinatakiwa cha tatu. Baa kadhaa za mjini zilifanya hivyo miaka ya 70 na 80.

Kwa hiyo weusi walikuwa na mahali pao, mbali na Dupont. Palikuwa na Nob Hill kule Columbia Heights tangu miaka ya 1950. Palikuwa na ClubHouse, Upshur Street, kuanzia 1975 hadi 1990. Ukimwi ulipoivamia ClubHouse na wanachama wakaanza kuzikwa mmoja baada ya mwingine, watu wa hapo hapo ndio waliohusika kuanzisha shirika la Us Helping Us mwaka 1985, ili weusi wasaidiane wenyewe. Klabu ilipofungwa, Mei 1991 wakakusanyika uwanja wa Banneker, jirani na Chuo Kikuu cha Howard, kuchangisha fedha za wagonjwa. Ndiyo ikawa Black Pride ya kwanza nchini. Anayesema mambo haya ni ya Wazungu aende Upshur Street akaulize.

Hapo ndipo ninapofika kwenye taaluma yangu.

Mwaka 1973, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Kilutheri Georgetown, kilianza kijikliniki cha jioni cha kutibu magonjwa ya zinaa kwa wanaume mashoga. Kwa nini kanisani na kwa nini jioni? Kwa sababu mtu akienda kwa daktari wa kawaida aliogopa jina lake lisifike kazini. Mwaka 1978 kikawa shirika kamili, kikaitwa Whitman-Walker. Majina hayo yanastahili kujulikana na kila muuguzi. Walt Whitman, mshairi, alikuja Washington mwishoni mwa 1862 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakaa miaka akizunguka hospitali za mji huu, akiwaandikia majeruhi barua, akiwalisha, akiwashika mkono wakifa. Mary Walker alikuwa daktari mpasuaji mwanamke katika vita hiyo hiyo, na ndiye mwanamke pekee aliyewahi kupewa Medali ya Heshima ya Marekani. Ukitokea mlango wa Q Street wa kituo cha Dupont, ule ule wa kwenda ubalozini zamani, utaona mistari ya shairi la Whitman kuhusu muuguza majeraha imechongwa ukutani kuizunguka ngazi ya umeme. Ilichongwa mwaka 2007 kuwakumbuka waliouguza wagonjwa wa ukimwi. Wangapi kati yetu tumepita tukidhani ni tangazo la treni?

Juni 1981 zilitangazwa habari za kwanza za ugonjwa huo. Walionitangulia kazini wamenisimulia yaliyofuata, na vitabu vinathibitisha: wauguzi wakiacha sinia la chakula mlangoni kwa kuogopa kuingia, wenye nyumba wakitupa vitanda nje, nyumba za kuzikia zikikataa maiti, wazazi wakikataa kuja. Whitman-Walker ikageuka kutoka kliniki ya kaswende na kisonono kuwa kila kitu: maabara, mwanasheria wa wosia, mpishi, na nyumba za kulala wagonjwa waliofukuzwa. Waliojitolea kuosha, kulisha na kugeuza wagonjwa wengi wao hawakuwa wauguzi. Walikuwa makarani, walimu na wahudumu wa baa wa mtaa ule. Oktoba 1987 blanketi la kumbukumbu lilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, vipande 1,920, kila kimoja na jina la marehemu.

Desemba 1988 alifariki hapa Washington Max Robinson, mtu mweusi wa kwanza kuwa mtangazaji wa taarifa ya habari ya televisheni ya taifa Marekani. Aliagiza chanzo cha kifo chake kisifichwe, ili watu weusi wazinduke. Mwaka 1992 Whitman-Walker ikafungua kituo chenye jina lake upande wa Kusini-Mashariki, kwa weusi maskini. Miezi michache baada ya kifo hicho, mwaka 1989, Mganda Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, mwana wa ughaibuni kama sisi, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana virusi. Alifariki Desemba mwaka huo huo baada ya kuzunguka mashuleni na makanisani akiongea. Lutaaya hakuwa shoga, lakini alichokisema na alichotaka Robinson ni kitu kimoja: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa mniambie, haya yanatuhusu nini sisi wabeba boksi na walea wazee wa Maryland?

Kwanza, dawa. Oktoba 1988 waandamanaji zaidi ya elfu moja, wengi wao mashoga na marafiki zao, walizingira makao ya Mamlaka ya Chakula na Dawa pale Rockville, mji ambao Waafrika Mashariki kibao wanaishi leo. Watu zaidi ya 170 walikamatwa. Walidai dawa za majaribio ziwafikie wanaokufa haraka zaidi, na utaratibu ukabadilika. Dawa za kufubaza virusi ambazo shangazi yako anameza Mwanza, Kisumu au Mbale zilitanguliwa na kelele hizo.

Pili, bei. Mwaka 1999 watu wa harakati hizo hizo walimwandama Makamu wa Rais Al Gore kwenye mikutano yake ya kampeni, wakimpigia kelele kwa sababu serikali yake ilikuwa inaibana Afrika Kusini isitafute dawa za bei nafuu. Hawakuwa wanapigania dawa zao. Wao walikuwa nazo. Miaka minne baadaye, Januari 2003, Rais Bush alitangaza mpango wa PEPFAR, na Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa katika kundi la kwanza la nchi. Siwezi kusema sababu ilikuwa moja. Wachungaji wa kiinjili nao walisukuma, na wapewe haki yao. Lakini aliyesukuma mapema, wakati wengine tunaona aibu kulitaja gonjwa lenyewe, anajulikana.

Tatu, viza. Mnakumbuka kipimo cha ukimwi kwenye safari ya kuja huku? Kuanzia 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye virusi. Mtu alishinda bahati nasibu ya viza, akauza kiwanja, akaenda kupimwa, na ndoto ikaishia kwenye karatasi ya maabara. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Mashirika ya wapenzi wa jinsia moja yalikuwa mstari wa mbele kuipinga kwa miaka zaidi ya ishirini. Kuna ndugu zetu wapo hapa leo, wanafanya kazi, wanalipa kodi, wanatuma fedha nyumbani, kwa sababu mlango huo ulifunguliwa. Hawatasimama kanisani kusema. Mimi nasema kwa niaba yao.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Huu si utamaduni wetu." Sawa, tuuzungumze utamaduni. Neno lenyewe tumelitoa wapi? Mwanamke wa pwani humwita rafiki yake wa kike "shoga" mchana kweupe, na hakuna anayestuka. Sheria tunayoitetea kama mila ya mababu, je, iliandikwa na mababu gani? Ilianzia kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 377, ikaandikwa na Waingereza, na Tanganyika ikaletewa Kanuni yake mwaka 1930 na gavana wa kikoloni. India wenyewe, Mahakama yao ya Juu ilikiondoa kifungu hicho kwa watu wazima walioridhiana mwaka 2018. Sisi tumeshika koti la mkoloni tukidhani ni kanzu ya babu. Unaweza kuitetea sheria hiyo ukitaka, lakini tafuta sababu nyingine.

La pili: "Wazungu wanatulazimisha." Hapa nakubali nusu. Hakuna anayependa kupangiwa na mtu mwenye mfuko wa fedha, na wanasiasa wa huku nao wana ndimi mbili. Lakini mgonjwa si Mzungu. Februari 2017 serikali ya Tanzania ilisimamisha huduma za ukimwi kwenye vituo 40, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam akatangaza kikosi cha kuwasaka watu na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Sawa. Lakini aliyekuwa na miadi ya dawa wiki ile angejuaje? Virusi havisubiri tamko la Wizara. Mwanaume huyo ana mke, na mke ana mimba, na mtoto atapimwa. Kila aliyewahi kufanya kliniki ya mama na mtoto anajua mstari huo unavyokwenda.

Washington ilikuwa na somo lake. Machi 2009 Jiji lilitangaza kwamba asilimia 3 ya wakazi wake wenye umri wa kuanzia miaka 12 wanaishi na virusi, na mkuu wa kitengo cha ukimwi cha Jiji alilinganisha hali hiyo na Uganda. Waathirika wakubwa hawakuwa matajiri wa Dupont. Walikuwa weusi wa kila aina, mashoga na wasio mashoga. Hakuna aliyeunda kikosi cha kuwasaka. Walihimiza upimaji wa kawaida hospitalini, waligawa kondomu hata vinyozi, waligawa sindano safi kwa watumiaji wa dawa za kulevya, walihimiza aliyekutwa na virusi aanzishiwe dawa. Mwaka 2007 maambukizi mapya yaliyogunduliwa yalikuwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2022 yalikuwa chini ya 250. Huo ndio ushahidi wangu. Siyo falsafa, ni hesabu.

Na mlango ukifungwa, nini hutokea? Tarehe 7 Agosti 1995 Tyra Hunter, msusi mweusi wa miaka 24, aliyezaliwa mwanaume na akaishi kama mwanamke, alipata ajali ya gari Kusini-Mashariki ya mji. Wahudumu wa zimamoto walianza kumtibu. Mmoja alipochana nguo na kuona maumbile yake, alirudi nyuma, akatukana, na huduma ikasimama huku watu waliozunguka wakipiga kelele wamsaidie. Alifia hospitali. Desemba 1998 baraza la mahakama liliamua mama yake alipwe fidia ya dola milioni 2.9, na liliona makosa eneo la ajali na hospitalini pia. Mama huyo alikuwa mama tu, kama mama yako. Aliyekuwa analia barabarani ni mwanawe.

Kisa hicho huwa nakisimulia kwa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini kwetu, na Waafrika wenzangu huniangalia kwa macho ya "wewe nawe". Basi nasimulia na kingine. Niliwahi kuuguza mgonjwa wa ukanda wetu, sitasema nchi wala mwaka. Aliletewa mkalimani wa Kiswahili kwa simu akakataa. Wakamletea wa pili, akakataa. Alisema bora Kiingereza chake kibovu. Nilipoingia kuanza zamu alisoma jina langu kifuani, akageukia ukutani. Nilimaliza kumpima presha na kubadilisha dripu bila neno. Nilipofika mlangoni aliniuliza kwa Kiswahili: "Dada, wewe unasali wapi?"

Hakuuliza dawa. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza ninasali wapi, ili ajue habari zake zitafika kwa nani. Alikuwa amekaa na ugonjwa unaotibika miaka kadhaa, katika mji ambao dawa zinapatikana hata kwa asiye na bima, kwa sababu ya kutuogopa sisi. Alipataje ugonjwa sikumuuliza, na hata leo sitaki kujua. Mlango uliomzuia ulikuwa wetu, si wa Wamarekani.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, msibani tuache uchunguzi. Mtu amekufa, tumchangie asafirishwe, tumzike. "Hivi alikuwa anaumwa nini hasa?" si swali la kuuliza ukiwa umeshika sahani ya pilau.

Pili, tusiwatupe watoto. Kuna vijana wa majina yetu kabisa wanaolala kwa marafiki kwa sababu baba alikuta ujumbe kwenye simu. Huna haja ya kukubali ili kumwambia mwanao alale kitandani kwake na asubuhi aende shule. Anayelala nje kwenye baridi ya Januari hafanyi toba, anatafuta mtu wa kumhifadhi, na wanaohifadhi vijana wa namna hiyo si wote wana nia njema.

Tatu, sisi wa sekta ya afya, na tuko wengi, tufunge midomo yetu. Siri ya mgonjwa ni siri hata kama unamjua mjomba wake. Usiri ni amana, na kwa wenye dini amana ina mwenyewe wa kuiuliza.

Nne, tunapoandika na kupiga kelele kuhusu siasa za nyumbani, tutenganishe ubishi wa maadili na mlango wa zahanati. Wabunge wabishane watakavyo. Zahanati ibaki wazi, daftari la wagonjwa lisiguswe na polisi. Hilo hata sheikh na mchungaji wanaweza kulisaini, na najua wapo wanaolisema kimya kimya.

Mwisho, jambo ambalo wengi hawajaliona. Mtaa wenyewe unayeyuka. Lambda Rising ilifungwa Januari 2010, na mwenye duka alisema kazi waliyoianzisha imetimia, kwa sababu vitabu vile sasa vinauzwa kila mahali. Machi 2010 ndoa zao ziliruhusiwa Washington, Novemba 2012 wapiga kura wa Maryland wakaziidhinisha. Kodi za Dupont zimepanda, kijana anayeanza maisha hazimudu, na halazimiki tena kuishi pale. Leo yuko Hyattsville, Takoma Park, Silver Spring, anapanga foleni nyuma yako dukani unaponunua unga wa ugali. Juni 2025 mji ulijaa wageni wa WorldPride, miaka 50 tangu sherehe ile ya mbele ya duka, lakini wakazi wenyewe wametawanyika. Kazi zikipatikana, nyumba zikipangishwa, hospitali zikipokea, watu hawahitaji tena kubanana mtaa mmoja.

Basi kwa anayekereka na "mtaa wao", dawa yake ndiyo hiyo, na haijawahi kuwa nyingine. Kwetu Waafrika Mashariki wa huku, bado tunawajengea watoto wetu na wagonjwa wetu sababu ya kuukimbilia.

Naomba kutoa hoja.